Bei ya nyumba inaanza kabla ya rangi

Tukisikia neno "nyumba ya kitajiri", wengi wetu tunaona mara moja karo zinazong'aa, plafoni yenye taa nyingi, viti vikubwa na geti refu la chuma. Vitu hivyo vinapendeza, hatukatai. Lakini juma hili tunataka kuleta neno moja lenye faida kwa kila jamaa inayojenga, inayotengeneza au inayofikiri kuuza. Sehemu kubwa ya bei ya nyumba inaamuliwa siku ramani yake inapochorwa, kabla ya ndoo ya kwanza ya rangi kununuliwa. Inaamuliwa na mahali dirisha linapowekwa, urefu wa ukuta, upana wa barza, njia ya upepo na njia ya maji. Na katika mambo hayo yote, anayejua zaidi ni yule anayekaa ndani ya nyumba mchana kutwa.

Mtu atauliza: sisi wa Mulongo, habari za nyumba za matajiri zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wako Kamina, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Wanapanga, wananunua parsele, wanajenga, na wengine wanatuma pesa tuwajengee huku. Pili, kwa jamaa nyingi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote. Siku ya ugonjwa mzito, siku ya ada ya chuo kikuu, siku mama anapobaki mjane, nyumba ile ndiyo itakayopimwa. Siku hiyo si siku ya kuanza kujifunza bei inatoka wapi.

Nyumba ya chuma iliyouzwa karibu dola milioni 5

Maji ya Lualaba yanayopita kwetu yanashuka mpaka Kinshasa na Brazzaville. Kule Brazzaville, mwaka 1951, zilisimamishwa nyumba mbili za aluminyumu na chuma. Zilitengenezwa Ufaransa katika kiwanda cha Jean Prouvé, kwa vipande vyepesi vilivyoweza kubebwa kwa ndege na kufungwa kimoja kwa kingine. Nyingine ya namna hiyo ilikuwa imepelekwa Niamey, katika Niger, mwaka 1949. Mpango ulikuwa kutengeneza nyingi, lakini gharama ilipanda, na kazi ikaishia kwa nyumba hizo tatu.

Miaka karibu 50 baadaye, nyumba za Brazzaville zilifunguliwa vipande vipande, zikarudishwa Ufaransa na kutengenezwa upya. Mwezi wa Juni 2007 moja kati yao iliuzwa kwa mnada New York. Bei ilifika karibu dola milioni 5.

Nyumba hiyo haikuwa na marumaru wala dhahabu. Ilikuwa ya chuma na aluminyumu, kitu ambacho wengi wetu tungeweza kukiita nyumba ya mabati tu. Bei ilitoka wapi? Tuseme kweli: jina la Prouvé lilileta pesa nyingi, na kitu kisicho na mwenzake kinapanda bei. Lakini hata jina lake lilitokana na kazi. Yule mtu alijiuliza swali ambalo mama wa Mulongo anajiuliza kila mwezi wa 10: joto hili tutalishinda namna gani? Akaweka paa la tabaka mbili ili hewa ipite katikati na kuondoka na joto. Akainua sakafu juu ya nguzo ili isishike ardhi. Akazungusha barza pande zote, na mbele yake vizuizi vya kukata jua kabla halijagusa ukuta. Baada ya nusu karne, watu walilipia akili hiyo.

Na kuna jambo la kuumiza katika habari hii. Bei ile kubwa ililipwa New York, miaka kadhaa baada ya nyumba kuondoka Afrika. Ukiuza kitu bila kujua kilichomo ndani yake, thamani yake itahesabiwa mlangoni kwa mwingine.

Mnunuzi anahesabu nini Lubumbashi

Tukiwa bado katika habari ya joto, turudi upande wetu. Mji wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910, na katikati yake zimebaki nyumba nyingi za wakati wa Wabelgiji: matofali ya kuchoma, kuta ndefu, paa linalotoka mbele, matundu ya hewa chini ya paa, barza pana, na miti mikubwa katika parsele. Neno barza lenyewe ni baraza yetu ya Kiswahili, na hata wanaosema Kifaransa katika Kongo wamelichukua kama lilivyo.

Sheria mpya ya madini ilipotoka mwaka 2002, makampuni yaliingia Katanga kwa wingi na kutafuta nyumba za wafanyakazi wao wakubwa. Kodi zikahesabiwa kwa dola. Nyumba mpya za ghorofa zikaota katika kartye kama Golf. Katika soko kama hilo, mtu mwenye pesa haangalii uzuri tu. Anafanya hesabu.

Tuchukue mfano wa nyumba mbili katika avenyu moja, zenye ukubwa mmoja na matofali ya namna moja. Ya kwanza ina madirisha upande mmoja tu, plafoni iko chini, na saloni inaangalia jua la magharibi. Ya pili ina madirisha yanayotazamana, plafoni iko juu, na barza inakinga ukuta. Katika ile ya kwanza mnunuzi anaona mashine za kupoza hewa katika kila chumba, bili ya umeme kila mwezi, na jenereta siku umeme unapokatika. Anazihesabu gharama hizo kimoyomoyo na kuzitoa katika bei anayokutajia. Hata ukipaka rangi ya ghali, hatazisahau. Katika ile ya pili anaingia saa nane ya mchana, anakaa, anasikia upepo, na hataki kuondoka. Kutotaka kuondoka huko ndiko kunakokupa nguvu ya kukataa bei ya chini.

Lakini tusidanganyane: mahali panaongoza. Nyumba nzuri kuliko zote, ikiwa haina njia ya gari wala maji karibu, haitauzwa bei ya Golf. Ramani nzuri haibadilishi mahali. Kazi yake ni kuifanya nyumba yako iwe ya kwanza kutafutwa mahali hapo ilipo.

Lamu: uzuri uliotunzwa ndani

Mpaka hapa tumesema juu ya upepo na paa. Ndani ya nyumba je? Kwa jambo hili mwalimu wetu ni pwani ya Waswahili, katika mji wa Lamu, Kenya. Mji huo wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake kubwa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene. Paa na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba vinakuwa vyembamba na virefu. Mafundi wa Lamu hawakupigana na mpaka huo. Waliupanga uwe uzuri.

Mgeni anapokelewa kwanza katika daka, penye mabaraza ya mawe karibu na mlango. Ndani kuna kiwanda, yaani ua mdogo unaoleta mwanga na hewa katikati ya nyumba. Kisha vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo pambo linavyoongezeka. Chumba cha ndani kabisa, cha wanawake wa nyumba, ndicho chenye ukuta mzuri kuliko kuta zote: safu za zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, ambamo waliweka sahani na bakuli za kigeni. Nje ukuta ni mtupu, uzuri wote uko kwa mama. Tena katika jamaa za wenye nyumba kubwa ilikuwa desturi baba kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa. Binti aliingia katika ndoa akiwa na pa kukaa.

Kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, wageni kutoka Ulaya na kwingine walianza kununua nyumba hizo katika Lamu na katika kijiji jirani cha Shela, nyingine zikiwa zimeanza kubomoka. Wengi wao hawakuvunja zidaka ili waweke makabati mapya. Walitafuta mafundi wa chokaa wanaojua kazi ya zamani, wakarudisha kila kitu mahali pake. Leo msafiri analipa kwa usiku mmoja kwa sababu ya ukuta ule ule ambao mwenyeji mwingine aliuona umepitwa na wakati.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba pambo linalodumu ni lile lililojengwa pamoja na nyumba: rafu ndani ya ukuta, benchi la matofali katika barza, mlango uliochongwa vizuri, mwanga unaoingia mahali panapofaa. Kiti utakibeba siku ya kuhama. Kidaka kinabaki na kuuzwa pamoja na ukuta wake.

Paa likivuja, jina halisaidii

Kusini ya Lamu, katika Unguja, lilijengwa jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, kwa amri ya Sultani Barghash. Lilikuwa na nguzo ndefu, barza kila ghorofa na milango ya kuchongwa, na ndilo jengo la kwanza la Zanzibar kupata umeme. Liko ndani ya Mji Mkongwe, ambao nao uko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ilianguka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jengo lenye jina dunia nzima halikusimama kwa jina lake. Nyumba inakula kila mwaka kama mtoto: msumari, bati, chokaa, mfereji wa maji. Ukiinyima miaka mingi, siku moja itadai yote kwa pamoja. Mnunuzi anayejua kazi anaangalia kwanza pembe za plafoni na chini ya kuta. Doa la maji pale linashusha bei kuliko ukosefu wa karo.

Sasa tuje kwenye parsele zetu

Tumekusanya haya kwa ajili ya mama anayejenga hapa, na kwa mtoto aliye mjini. Hakuna hata moja linalodai utajiri, na mengi hayaongezi franka hata moja kama yakiamuliwa mapema.

*Mahali na msingi.* Sisi ni watu wa mto. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, kisha ujenge juu ya alama hiyo. Inua msingi, na fungulia maji ya mvua njia ya kuondoka. Choo kikae mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini.

*Jua.* Linatoka mashariki na kuzama magharibi, na kuta za pande hizo ndizo zinazochomwa zaidi. Basi pande fupi za nyumba zielekee mashariki na magharibi, na madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Fundi hapotezi kitu kwa kugeuza nyumba kwenye karatasi. Ukuta ukishasimama, haugeuki.

*Upepo.* Kila chumba kiwe na matundu mawili yanayotazamana au yaliyo kwenye kuta mbili, moja la kuingiza na moja la kutoa. Acha matundu ya hewa juu, chini ya paa, na uyazibe kwa wavu ili popo na mbu wasiingie.

*Ukuta na paa.* Udongo wa kichuguu unatoa matofali mazuri, na Katanga nzima inajua hilo. Kama huna uwezo wa kuchoma yote, choma ya msingi na ya safu za chini, halafu toa paa mbele kwa hatua nzima ili mvua isipige tofali bichi. Ongeza safu mbili au tatu za matofali juu ya urefu uliozoewa; joto litapanda juu na kuwaachia watu nafasi. Chini ya bati weka plafoni, hata ya mikeka ya matete.

*Jiko.* Huku ndiko ramani nyingi zinakosea, kwa sababu mchoraji si mpishi. Moshi utoke wapi? Kutoka jiko mpaka kwenye maji ni hatua ngapi kwa siku? Mtu anayepika anaweza kumwona mtoto anayecheza uani? Mjini, wanunuzi wengi wanakuja na wake zao, na mke anaingia kwanza jikoni. Akitikisa kichwa, biashara imekufa.

*Ndani.* Rangi nyeupe au ya krimu inaongeza mwanga na kumwachia mnunuzi nafasi ya kuona maisha yake mwenyewe pale. Rangi nzito nyekundu au zambarau ni ya mwenye nyumba peke yake. Usijaze saloni kwa viti mpaka watu wapite upande upande. Chumba kilekile kikiondolewa kiti kimoja kinaonekana kikubwa. Mahali pa kuwekea vitu pajengwe ukutani, ili sakafu ibaki wazi.

*Utaratibu wa pesa.* Kwanza msingi, pili paa, tatu milango na madirisha yanayofungwa vizuri, nne maji na choo. Karo, taa za kupamba na rangi ya bei vije mwisho. Jamaa inayoanza na karo huku paa linavuja inanunua pambo la miaka miwili. Tena usijenge nyumba inayopita mbali sana nyumba zote za avenyu yako, ukitumaini kurudishiwa pesa zote. Mnunuzi atalinganisha na jirani.

Bei bila karatasi

Kuna ukuta mmoja usioonekana, nao unabeba nyumba yote: karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na ile karatasi inayoitwa kwa Kifaransa certificat d'enregistrement. Nyumba nzuri isiyo na karatasi hiyo inanunuliwa kwa bei ya woga, maana mnunuzi anatoa katika bei hatari zote anazoziona mbele.

Kwa sisi wanawake jambo ni zito zaidi. Mama anachota maji ya kufyatulia matofali, anapikia mafundi, anatoa zamu yake ya likelemba kununua mabati, halafu jina lake halipo popote. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyobadilisha Kodi ya Familia ya 1987, ilimwondolea mwanamke aliyeolewa lazima ya kuomba ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi yake. Nyumba ya pamoja inadai makubaliano ya wote wawili ili iuzwe. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini haki hizi zinasimama vizuri pale ndoa imeandikishwa serikalini. Mwenye ndoa ya nyumbani au ya kanisa peke yake, aende kwenye ofisi ya hali ya raia pamoja na mume wake, na wasikawie.

Na risiti za simenti, mabati na mbao zitunzwe katika bahasha moja pamoja na ramani. Siku ya kupima bei, bahasha hiyo inasema kazi ya nani imo katika nyumba.

Kazi ya juma hili kwa vikundi

Tunaomba kila kikundi kichague nyumba moja ya mwanamemba, kwa ruhusa yake, na kuitembelea saa nane ya mchana, wakati joto liko juu. Msiangalie viti. Simameni katika kila chumba na kuuliza: upepo unaingia wapi na kutoka wapi? Jua linapiga ukuta gani? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Anayepika anatembea hatua ngapi? Kitu gani hapa kingebaki kama vyombo vyote vikiondolewa? Kisha mwenye nyumba aseme angebadilisha kitu gani kwanza, na kikundi kihesabu pamoja gharama yake.

Wenye mpango wa kujenga baada ya mvua, leteni ramani zenu katika mkutano kabla ya kumwita fundi kuchimba. Hata ramani iliyochorwa kwa kijiti juu ya mchanga inatosha kuanza. Tutaitazama pamoja, mama kwa mama, na mtu atakayesema "dirisha hili lisogezwe" asikasirikiwe. Kusogeza dirisha juu ya mchanga ni kazi ya kidole kimoja.